Makumbusho ya Sayansi ya Kushika na Kujaribu: Kwa Nini Kitufe Hakitoshi

Makumbusho ya kawaida yana amri ambayo kila mtoto wa shule huambiwa getini: usiguse. Makumbusho ya sayansi ya kushika na kujaribu yameigeuza amri hiyo juu chini, na mkanganyiko huanzia hapo hapo. Wengi hudhani siri yote iko mkononi, kwamba mtoto akishagusa basi ameshajifunza. Hivyo zinanunuliwa mashine zenye vitufe na taa, zinazinduliwa kwa hotuba, na muda si mrefu baadhi zimekufa na zilizobaki watoto wanazibonyeza mfululizo kama kengele ya mlango, wakikimbilia inayofuata kabla ya hii kumaliza kazi yake.

Kitufe hufanya jambo lile lile kila kinapobonyezwa. Mgeni hana la kuuliza, kwa sababu hana analoweza kubadilisha. Kifaa kinachofundisha humjibu mgeni kulingana na alichofanya: akivuta zaidi kinajibu hivi, akifupisha uzi kinajibu vile, na jibu lenyewe linamfanya atake kujaribu tena. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama jengo litakuwa mahali pa kujifunzia au ukumbi wa michezo uliojaa vumbi. Vifaa vya kundi la kwanza ni rahisi kununua. Vya kundi la pili karibu vyote hutengenezwa, huvunjika, hurekebishwa na kutengenezwa upya, na kwa hiyo vinahitaji mafundi kabla ya kuhitaji jengo.

Mahali ambapo jambo hili limefanyiwa kazi kwa muda mrefu kuliko karibu kwingine kokote ni makumbusho ya Exploratorium, mjini San Francisco, Marekani. Mwanzilishi wake, Frank Oppenheimer, alikuwa mwanafizikia, mdogo wa J. Robert Oppenheimer aliyeongoza maabara ya bomu la atomiki ya Los Alamos; Frank naye alishiriki mradi huo. Mwaka 1949 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akakiri kwamba aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, na akapoteza kazi yake Chuo Kikuu cha Minnesota. Kwa miaka karibu kumi milango ya vyuo ilikuwa imefungwa kwake, akafuga ng'ombe kwenye ranchi huko Colorado. Baadaye akaanza kufundisha sayansi kwenye shule ya sekondari ya mji mdogo wa Pagosa Springs. Vifaa vya maabara vilikuwa haba, kwa hiyo aliwapeleka wanafunzi kwenye jaa la vyuma chakavu wakafungue mota na mashine za kutupwa waone zilivyofanya kazi.

Aliporudi chuo kikuu, huko Boulder, Colorado, alitengeneza chumba kilichojaa majaribio yaliyokwisha kupangwa mezani, mwanafunzi aje kwa wakati wake, afanye, arudie, aondoke. Mwaka 1965 alikuwa Ulaya, akatembelea Deutsches Museum ya Munich, Palais de la Découverte ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1937, na Science Museum ya London. Huko aliona kwamba chumba chake cha Boulder kingeweza kuwa cha mji mzima. Exploratorium ilifunguliwa mwaka 1969 ndani ya Palace of Fine Arts, jengo lililobaki kutoka maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1915, ikakaa humo hadi ilipohamia gati namba 15 ya bandari ya San Francisco mwaka 2013. Oppenheimer alifariki mwaka 1985.

Uamuzi wake wenye maana kuliko yote pengine ulikuwa wa mahali pa kuweka karakana: karibu na mlango, wageni wakiiona. Mtu akiingia, kabla ya kifaa chochote kilichokamilika, anakutana na mafundi wanachomelea, wanakata mbao, wanarekebisha kilichoharibika jana. Anajua tangu mwanzo kwamba vitu hivi vimetengenezwa na watu, na kwamba kuharibika ni sehemu ya kazi.

Kifaa kimoja kwa karibu

Ili kuona kifaa kizuri kinavyofanya kazi, na kinavyokataa kufanya kazi, tuchukue kimojawapo cha bei ndogo kabisa: chupa mbili zinazobembea kwenye kamba moja.

Weka viti viwili vizito au nguzo mbili, mita 1 kutoka kimoja hadi kingine. Funga kamba ya nailoni kati yao kwa usawa, ilegee kidogo tu, katikati ishuke sentimita mbili tatu hivi. Chukua chupa mbili za maji za nusu lita zinazofanana, zijaze hadi juu, zikaze vifuniko. Zining'inize kwenye ile kamba, kila moja sentimita 30 kutoka kwenye kiti chake, na urefu kutoka kwenye kamba hadi katikati ya chupa uwe sentimita 50 kwa zote mbili. Sasa vuta chupa moja sentimita 10 kuelekea kwako, uiachie ibembee mbele na nyuma. Nyingine usiiguse.

Chupa ya pili huanza kutikisika, kidogo sana, kisha zaidi. Ya kwanza inapungua. Hatimaye ya kwanza inasimama kabisa na ya pili inabembea kwa nguvu yote. Kisha mambo yanageuka, na mwendo unarudi ulikotoka. Hata mtu mzima aliyesoma fizikia husimama kutazama.

Kinachoendelea ni hiki. Pendula, yaani kitu kinachobembea kwenye uzi, yenye urefu wa sentimita 50 huchukua sekunde 1.4 hivi kwenda na kurudi. Kila inapopita huvuta ile kamba ya juu kidogo, na kamba hiyo huivuta chupa ya pili. Mvuto mmoja ni mdogo mno. Lakini chupa ya pili nayo ina mwendo wa sekunde 1.4, kwa hiyo kila mvuto unafika kwa wakati unaofaa, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Nishati inahama, inajikusanya upande wa pili, na upande huo ukishaipata yote unakuwa ndio unaovuta.

Fupisha sasa uzi wa chupa moja hadi sentimita 25. Mwendo wake unakuwa sekunde 1 kamili. Anzisha ile ndefu: ile fupi inatikisika kidogo, inatulia, inatikisika tena, haifiki popote. Mvuto unafika kwa wakati usiofaa. Mgeni aliyefanya mambo hayo mawili kwa mikono yake amekutana na kiini cha namna redio inavyochagua stesheni moja kati ya nyingi, na hakuna aliyemhutubia.

Hitilafu za kifaa hiki karibu zote zina sababu inayoeleweka. Kamba ya juu ikikazwa sana, nishati huhama polepole mno na mgeni huondoka kabla ya kuona kitu, ilegeze. Nyuzi zikitofautiana hata sentimita chache, chupa ya kwanza haitasimama kabisa. Pima upya, na upime hadi katikati ya chupa, usiishie kwenye kifuniko. Chupa isiyojaa ina maji yanayopigapiga ndani na kula nishati, mwendo unakufa mapema. Viti vyepesi hutikisika vyenyewe, vipandishie mawe. Na kuna hitilafu ya wageni: watoto watazungusha chupa duara badala ya kuivuta mbele, na nyuzi zitasokotana. Dawa yake ni kuning'iniza kila chupa kwa nyuzi mbili zenye umbo la V, miguu miwili ya V ikiwa kwenye kamba ya juu. Hapo chupa inakubali kwenda mbele na nyuma tu.

Hii V ni mfano mzuri wa ufundi wa makumbusho. Bango la kusema "usizungushe" lisingesaidia. Umbo la kifaa lenyewe limekataa kosa.

Vinavyoharibu kifaa kizuri

Mafundi wakishapata kifaa kinachovutia hupatwa na tamaa ya kukiongezea: kitasa cha kubadilisha uzito, taa inayowaka chupa ikipita, skrini ya kuonyesha mchoro. Watafiti wa Exploratorium, Sue Allen na Joshua Gutwill, mwaka 2004 waliandika kuhusu mitego ya namna hii baada ya kuchunguza wageni walivyotumia vifaa vyenye sehemu nyingi za kushika. Mgeni akipewa vitasa vingi vyenye uzito sawa machoni, hajui aanze na kipi, anavigusa vyote na kuondoka mikono mitupu. Kifaa kinachoruhusu watu kadhaa kwa wakati mmoja huweza kuwagonganisha: huyu anasubiri chupa itulie, yule anaivuta. Wakati mwingine mkono wa mgeni mwenyewe ndio unaofuta kile alichopaswa kukiona. Na mara nyingi pambo hushinda jambo lenyewe; weka taa kwenye pendula na watoto watacheza na taa.

Kwa hiyo kazi kubwa ya msanifu ni kuondoa. Kwenye chupa zetu kuna vitu viwili tu vya kubadilisha, chupa ipi uanze nayo na urefu wa uzi, na vinatosha.

Jaribio la kupima kifaa ni la bei ndogo na halirukwi bila hasara. Kitengeneze kwanza kwa maboksi, gundi na kamba. Kiweke mbele ya watu ambao hawakijui, kaa mbali, usiseme neno. Andika wanachofanya kwanza, wanapokwama, na sekunde ngapi wanakaa. Ukijikuta unataka kunyanyuka kuwaelekeza, hapo ndipo pa kurekebisha. Baada ya mabadiliko mawili matatu ya namna hiyo ndipo ununue chuma. Taasisi nyingi hufanya kinyume: zinaagiza kifaa kilichokamilika kutoka nje, kinafika kwenye kontena, na kasoro zake zinagunduliwa na umma.

Mabango nayo yana adabu yake. Maelezo ya majaribio madogo ambayo Exploratorium huwaandalia walimu hufuata mpangilio wa kudumu: kwanza la kufanya na la kutazama, kisha kinachoendelea. Ufafanuzi unakuja baada ya jambo. Bango linaloanza na sheria ya Newton limeshatoa jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Maneno yasizidi hamsini, sentensi ya kwanza iwe kitendo ("Vuta chupa moja, iachie"), na mchoro wa mtu anayetumia kifaa hushinda aya nzima. Kwetu, bango liwe kwa Kiswahili hata kama mtihani wa sekondari utafanywa kwa Kiingereza, kwa sababu mama aliyemleta mwanawe naye ni mgeni.

Nani anasimama kando

Exploratorium iliwaajiri tangu miaka yake ya mwanzo vijana wa sekondari kuwa waelekezaji wa ukumbi, wanalipwa, wanavaa vizibao vya rangi ya chungwa. Hawachaguliwi kwa sababu ya alama nzuri za sayansi, na huo ni uamuzi wa makusudi. Kijana ambaye wiki iliyopita hakujua kwa nini chupa ya pili inabembea anakumbuka vizuri pale palipomtatiza. Kwa upande wa jamii, huenda hao ndio wanaojifunza kuliko wote: mgeni anakaa saa mbili, mwelekezaji anakaa msimu mzima akieleza jambo lile lile kwa watu wa kila umri.

Kazi yao maarufu kuliko zote ni kupasua jicho la ng'ombe mbele ya wageni. Hii inaweza kufanyika kesho katika wilaya yoyote yenye machinjio.

Agiza macho siku ile ile ya kuchinja. Likikaa, konea, yaani kioo cha mbele, huingia ukungu; likigandishwa, hata lenzi hutoka na ukungu. Vaa glavu, tumia wembe mpya au kisu cha maabara pamoja na mkasi mdogo. Kwanza ondoa mafuta na nyama zinazozunguka jicho, acha kishina cha neva, yaani mshipa wa fahamu, nyuma. Nyama hizo zenyewe zina somo: ndizo misuli inayogeuza jicho. Kisha toboa pale konea inapokutana na weupe wa jicho, ukielekeza upande usio na watu, maana maji ya mbele yatachuruzika. Kata ukizunguka, ondoa konea. Chini yake kuna duara lenye rangi na tundu katikati. Tundu hilo ndilo mboni, na wageni wengi hushangaa kwamba weusi wa jicho ni tundu tupu.

Sasa kata weupe wa jicho kwa mkasi kuzunguka katikati, utenganishe nusu ya mbele na ya nyuma. Ute mzito utatoka, na ndani yake lenzi, gumu kiasi, kama punje kubwa iliyo wazi. Isafishe kwa maji na kuiweka juu ya gazeti. Herufi zinakua. Hapo ndipo kelele za watoto husikika chumba cha pili. Rudi kwenye nusu ya nyuma: utando mwembamba uliokunjamana ni retina, sehemu inayopokea picha. Uvute taratibu, utaona umeshika sehemu moja tu, mahali neva inapotokea. Hapo hakuna chembe za kuona, na kila jicho, la binadamu pia, lina doa hilo lisiloona. Nyuma ya retina kuna kitambaa kinachong'aa buluu na kijani. Binadamu hatuna. Ndicho kinachofanya macho ya ng'ombe yawake barabarani usiku taa za gari zinapompiga.

Wembe ukiwa butu, mpasuaji anabonyeza, jicho linapasuka na lenzi inapotea kwenye mafuta. Badilisha wembe kila baada ya macho mawili. Mabaki yafukiwe au yarudishwe machinjio, meza ioshwe kwa sabuni na dawa, na watoto waliogusa wanawe kabla ya kula chochote.

Mafunzo ya mwelekezaji hayahitaji muda mrefu, ila yanahitaji kuvunja tabia. Kijana aliyefundishwa darasani anataka kutoa jibu. Afundishwe kuuliza: unaona nini? Ukifupisha huu itakuwaje? Jaribu tuone. Kisha anyamaze. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri jibu kwa sekunde moja hivi kabla ya kuendelea, na wakisubiri tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi huwa marefu na wanaojitokeza kujibu huongezeka. Sekunde tatu za ukimya mbele ya mgeni ni ndefu kuliko zinavyosikika kwenye karatasi, kwa hiyo waelekezaji wazifanyie mazoezi wao kwa wao.

Kuna jambo jingine ambalo mwelekezaji anapaswa kulijua. Mwaka 2001 Kevin Crowley na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwenye makumbusho ya watoto huko California. Wasichana na wavulana walitumia vifaa sawasawa, na wazazi waliwaelekeza jinsi ya kuvitumia sawasawa. Lakini ilipofika kwenye kufafanua kwa nini jambo linatokea, wazazi waliwafafanulia wavulana mara tatu zaidi. Hakuna mzazi aliyekusudia. Exploratorium nayo baadaye ilichunguza ni sifa zipi za kifaa huwafanya wasichana wakae na kurudi, na majibu yalikuwa ya kifundi kabisa: mchoro wa mtu kwenye bango, vitu vinavyofahamika nyumbani, nafasi ya watu watatu au zaidi kuzunguka kifaa, na mahali pa kusimama ukitazama wenzako kabla ya zamu yako. Meza iliyosukumizwa ukutani, yenye nafasi ya mtu mmoja, humilikiwa na mvulana anayefika wa kwanza kwa mabavu. Iweke katikati ya chumba.

Vipimo vya meza navyo si urembo. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji uwazi wa sentimita 68 hivi chini ya meza ili magoti yaingie. Wadogo wakishindwa kufika juu, tengeneza jukwaa la mbao la kupandia kuliko kushusha meza.

Chumba chenye giza

Kituo kisicho na umeme wa uhakika kina rafiki mmoja, jua. Chukua chumba chenye dirisha linalotazama uwanja wenye mwanga. Ziba dirisha lote kwa maboksi na gundi ya karatasi, toboa tundu la sentimita 1, tundika shuka nyeupe mita 2 au 3 kutoka dirishani. Funga mlango, subiri dakika tano macho yazoee. Uwanja wote utakuwa kwenye shuka, miguu juu kichwa chini, watu wakitembea. Tundu likiwa la sentimita 3 picha inang'aa zaidi lakini inakuwa ukungu. Likiwa la milimita 3 inakuwa kali na hafifu mno. Picha isipoonekana kabisa, kosa karibu daima ni mwanga unaopenya chini ya mlango.

Sasa panua tundu hadi sentimita 4 na uweke mbele yake lenzi ya miwani ya kusomea ya +1.00. Mpe mgeni kadibodi nyeupe aisogeze mbele na nyuma. Karibu mita 1 kutoka kwenye lenzi picha inakaza ghafla. Kwa +2.00 ni sentimita 50. Hapo mgeni amepima nguvu ya lenzi bila kuambiwa kwamba anapima, na kama ametoka kwenye meza ya jicho la ng'ombe, vipande viwili vinaungana.

Wanaoishi chini ya mabati yenye matundu ya misumari wameshaona jambo hili sakafuni. Yale madoa ya duara hayafuati umbo la tundu. Ni picha za jua. Upana wake ni umbali kutoka kwenye tundu ugawe kwa 108 hivi, kwa hiyo bati likiwa mita 3 juu, kwa tundu dogo la msumari doa lina sentimita 2.8, na ukungu kidogo pembeni. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete na wengi kukusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kila tundu dogo la namna hiyo kwenye eneo lile lilichora pete. Ni njia salama pia, maana mtu anatazama sakafu na si jua.

Kutoka ukumbini hadi mtaani

Exploratorium haikuficha ufundi wake. Maelezo ya kutengeneza vifaa vipatavyo 200, vipimo na hitilafu zake zikiwamo, yalichapishwa katika vitabu vitatu vilivyopangwa kama mapishi, na vituo vya nchi nyingi vilianzia hapo. Tangu miaka ya 1980 imekuwa pia na taasisi ya kuwafundisha walimu wa sekondari kujenga vifaa vidogo vya darasani. India ilichukua njia nyingine: makumbusho ya Kolkata ilianzisha mwaka 1965 maonyesho ya sayansi yanayosafiri kwa gari hadi vijijini, na mfumo huo umeenea nchi nzima. Kwetu, jijini Tanga kuna STEM Park, kituo cha aina hii kilichoanzishwa na Project Inspire kwa kushirikiana na halmashauri ya jiji.

Mkoa wa Tanga una haki ya kipekee kwenye somo hili. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliweka mchanganyiko wa aiskrimu ungali moto kwenye friza na ukaganda kabla ya ule uliopozwa. Mwaka 1969, ule ule wa Exploratorium, yeye na mhadhiri Denis Osborne wa Dar es Salaam walichapisha matokeo yao, na wanasayansi bado wanabishana. Kama kifaa cha ukumbini jambo hili halifai, linachukua saa nyingi. Kwa klabu ya Jumamosi ni hazina, hasa kwa sababu linaharibika kirahisi. Kopo la moto huyeyusha barafu iliyo chini yake na kugusana na friza vizuri zaidi, kwa hiyo makopo yote mawili yakae juu ya kipande cha sponji au foma. Maji yawe ya kiasi kimoja, kipimajoto kikae kina kile kile, maana tofauti ya sentimita 1 hubadilisha jibu. Na kabla ya kuanza, klabu iamue: "kuganda" ni barafu ya kwanza kuonekana, au maji yote kuwa barafu? Mabishano mengi yameanzia kwenye swali hilo.

Anayetaka kuanzisha kituo kwenye kata aanze na fundi seremala na fundi wa kuchomelea wa hapo hapo. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, wanajua kutengeneza kitu kitakachovumilia mikono kuliko katalogi yoyote. Pwani, chumvi ya hewani hula misumari ya kawaida. Tumia shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, na bolti zenye nati ili sehemu ifunguke, usichomelee kila kitu. Kamba zinazokatika badilisha kwa waya wa breki ya baiskeli. Bolti za kituo kizima ziwe za saizi mbili tu, spana mbili zitoshe. Kila asubuhi mtu mmoja apite kila kifaa akitumie kama mgeni, na kilichokufa kiondolewe ukumbini siku hiyo hiyo, kwa sababu vifaa vibovu viwili vinamfundisha mtoto kwamba hapa hakuna kinachofanya kazi.

Darasa la wanafunzi 60 lisiingie kwa pamoja. Ishirini ukumbini kwa dakika 40, ishirini kwenye jicho la ng'ombe, ishirini nje wakijenga pendula, kisha wabadilishane. Karatasi za maswali ishirini zibaki shuleni. Mwanafunzi mwenye karatasi hutafuta bango la kunakili na kifaa chenyewe hakitazami. Kila kikundi kiondoke na swali lake moja. Mwalimu aazimwe sanduku: chupa mbili, mita 5 za kamba ya nailoni, futi kamba, lenzi za +1.00 na +2.00, kadibodi nyeupe. Bandika orodha ndani ya kifuniko, hesabuni pamoja likitoka na likirudi, na wekeni lenzi za ziada, maana hizo ndizo hupotea kwanza.